Bafu la Mzee Mugeta

Ukitaka watu wanaojua kila kitu, njoo Nyasho, hapa Musoma, Jumamosi asubuhi. Benchi letu liko ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo tunakunywa kahawa katikati ya masinki, mabomba na vyoo vipya ambavyo mwenye duka huvipanga nje ili vionekane. Mimi ni Baltazari, fundi cherehani niliyestaafishwa na macho, ila hapa wananiita Presha kwa sababu naogopa kila kitu, na sijawahi kukataa. Burito tunamwita Pima Maji: alibeba zege miaka minne, akashuka kwenye jengo akiwa injinia. Thadeo tunamwita Methali. Anazo nyingi kuliko meno aliyobaki nayo, tatizo lake ni kuzipanda mahali zisipoota. Kahawa anauza Gody, ambaye hana maoni juu ya jambo lolote, na nadhani ndiyo maana biashara yake inakwenda. Jumamosi hiyo alikuja Magige, dereva wa fuso, ameshika kipande cha mfuko wa saruji, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye usingizi ulimkimbia.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Kaa hapo. Gody, mpe kahawa.

— Sikai sana. Fundi Evance amenichorea bafu la baba. Anataka majibu leo, Jumatatu anaanza kuchimba. Na mimi Jumatatu naenda Bunda kupakia pamba, narudi baada ya wiki mbili. Nimeangalia huu mchoro mpaka kichwa kinauma. Naogopa kukosea.

Tulielewa. Baba yake, Mzee Mugeta, aliletwa kutoka Butiama baada ya kuanguka kwenye njia ya chooni. Kwao baba halali chini ya paa la mwanawe, kwa hiyo Magige alimjengea chumba chake uani. Sasa alitaka kukiongezea bafu la kisasa, choo humohumo na maji humohumo, mzee asitembee tena na fimbo kwenye tope. Kwa sasa anaogea kwenye kibanda cha mabati nyuma ya chumba hicho.

— Daktari alisemaje? nikamuuliza.

— Alisema nyonga aliyovunja imeshikana kwa bahati. Akianguka tena, hatasimama.

Pima Maji alichukua mchoro, akaugeuza mara tatu.

— Tuanze na choo. Cha kukalia au cha kuchuchumaa?

— Nilifikiria cha kukalia. Goti lake halikunji.

— Cha kukalia hapana, Methali akasema. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hawakusema akae.

— Hiyo ni ya uvungu wa kitanda, bana.

— Kwani choo hakina uvungu?

— Achana na huyu, Pima Maji akamwambia Magige. Mimi nilikuwaga saiti. Weka cha kukalia, ila uogope. Hivi vya siku hizi ni vyepesi. Mtu akikaa upandeupande kinapasuka, na kikipasuka kinakata kushinda wembe. Kuna bwana mmoja Kabasa, kule Bunda, aliingia anatembea, akatolewa amebebwa kwa shuka.

— Alikufa?

— Alihama.

Magige alikunywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, ikiwa bado ya moto.

— Na chini nilitaka tailizi, akasema. Zile nyeupe, zinazong'aa.

Hapo nikaingia mwenyewe, maana hilo nalijua. Nikamwambia tailizi inayong'aa ni adui wa mzee. Ikishika sabuni haina huruma. Atafute za kukwaruza, na ukutani aweke bomba la chuma la kushikilia, moja karibu na choo na moja karibu na pa kuogea. Nilisema kwa ukali kidogo, wakanitazama. Sikuwaambia kwamba mimi mwenyewe tangu mwaka jana naogaga nimekaa kwenye kigoda, mkono mmoja umeshika bomba, na nikimaliza nakaa kwanza nikijipa moyo wa kusimama. Mke wangu hajui. Nilimwambia nachelewa kwa sababu napenda usafi.

— Presha ameongea la maana, Pima Maji akasema. Leo mvua itanyesha.

— Na maji ya moto, Magige akaendelea. Asubuhi baba anatetemeka. Nilitaka ile hita ya kufunga ukutani, unafungua bomba yanatoka ya moto.

Pima Maji akaweka kikombe chini.

— Umeme na maji, Pima Maji akasema taratibu, juu ya kichwa cha mzazi wako.

— Watu wengi wanazo, mzee wangu.

— Watu wengi wako makaburini. Waya wa ethi, wa kuteremsha umeme ardhini, unao?

— Fundi umeme alisema upo.

— Uliuona?

— Unazikwa chini, nitauonaje?

— Hata marehemu anazikwa chini, ila kwanza watu wanamuaga.

— Maji yakimwagika hayazoleki, Methali akadakia.

— Hapo umepatia, nikasema. Sakafu iwe na mteremko, maji yaende yenyewe kwenye tundu, yasituame.

— Nilikuwa naongelea umeme.

Magige akatoa kalamu akakata neno hita kwenye mchoro. Nilimwonea huruma, maana nilijua tulivyo: mtu anakuja kwetu na hofu moja, anaondoka na sita.

— Mimi kinachonitisha ni shimo, Pima Maji akasema. Kwenu ni chini kule, ziwa liko karibu. Ule mwaka ziwa lilipopanda, shemeji yangu kule Kamunyonge choo chake kilirudisha. Amekaa sebuleni anakula, anasikia chooni kunabubujika.

— Fundi ameweka ile kona ya bomba, inabakiga na maji kuzuia harufu.

— Inazuia harufu. Itazuia kamongo?

— Kamongo gani?

— Kamongo wa ziwani, huyu samaki tunayemjua. Anapenda nini? Tope, giza, maji kidogo. Hewa anavuta mwenyewe, meno anayo, na anaweza kukaa kwenye udongo miezi anasubiri tu. Sasa nitajie mahali penye tope, giza na maji kidogo.

Macho yetu yalikwenda yenyewe kwenye vyoo vilivyopangwa mbele ya duka. Gody alisogeza birika lake upande wa pili.

— Baba yangu akae juu ya kamongo? Magige akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

— Mimi sijasema atakuja. Nimesema njia anayo.

— Mvumilivu hula mbivu, Methali akasema. Na kamongo ni mvumilivu.

Ningecheka siku nyingine. Siku hiyo nilikuwa namtazama Magige, na wakati huohuo nikamuona mwanamke amesimama pale kwenye nondo za duka, nyuma ya Magige, kama hatua kumi kutoka kwetu, amejifunga kanga mbili, ametazama chini. Nikamtambua, Rhobi, mke wake. Nikajua amemfuata mumewe kwa neno la nyumbani, atasubiri tumalize. Kwetu huku mke mwenye adabu hakati mazungumzo ya wanaume. Anasimama mpaka aulizwe. Sikumuuliza. Nilikuwa nataka kusikia la kamongo litaishia wapi.

Liliishia pabaya. Pima Maji alishauri wavu wa chuma kwenye bomba. Methali akasema wavu utanasa kamongo, halafu atakuwa amekasirika. Pima Maji akasema basi mzee awe anamwaga maji ya moto kwanza kabla ya kukaa. Magige akakumbusha kwamba hita tumeshaikata. Tukarudi mwanzo, tumechoka, na mchoro umejaa mikwaruzo.

— Wazee, Magige akasema mwishowe. Mwenyewe baba hajaomba hita. Tailizi hazijui. Ameomba kitu kimoja tu. Komeo.

— La nje?

— La ndani. Zito. Amesema hawezi kuvua nguo kwenye nyumba yenye mkamwana bila komeo.

— Hapo sasa, Pima Maji akasema. Huyo ndiyo mzee.

— Mke wako yukoje kwa baba? Methali akauliza.

— Anaheshimu mno. Hata kandambili za baba hazigusi. Akimpelekea maji, anaweka ndoo mlangoni, anakohoa, anageuka anaondoka. Uso wa baba hajawahi kuutazama sawasawa.

— Umeoa vizuri.

— Na wewe mwenyewe? nikamuuliza. Unamsaidia kuoga?

Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

— Mimi mwanaye? Nimuone baba hivyo? Mnataka nipate laana?

— Kweli, Pima Maji akasema. Hilo ni la watu wa rika lake.

— Rika lake amebaki yeye na mzee mmoja kule Butiama, naye haoni.

— Basi komeo. Chuma, unene wa kidole. Na mlango wa bati zito, ufungukie ndani. Ukifungukia nje, upepo wa ziwa utaubeba mzee akiwa na sabuni machoni.

— Komeo nimeshaweka hata kwenye kile kibanda cha mabati, Magige akasema. Na mlango unafungukia ndani vilevile. Wiki iliyopita. Alilijaribu mara tatu, fungua, funga. Ndiyo siku ya kwanza nimemuona anacheka tangu aje.

— Mficha uchi hazai, Methali akasema. Lakini yeye ameshazaa tayari, kwa hiyo aache afiche.

Tukakubali wote. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu benchi letu kukubaliana. Pima Maji aliandika kwenye mchoro kwa herufi kubwa: KOMEO, MLANGO NDANI. Magige akapumua. Alikuwa amepata jambo moja ambalo hakuna aliyelitia hofu.

Ni Gody aliyeuliza, Gody asiye na maoni.

— Shemeji, unamtafuta Magige?

Rhobi akasogea hatua mbili. Akakunja magoti kidogo.

— Shikamooni baba zangu.

— Marahaba, mama.

— Samahani nimewakatiza. Akamgeukia mumewe, macho yakiwa bado chini, akaendelea: Baba aliingia kuoga saa tatu. Nilikuwa nachambua mchele, nikasikia kishindo. Nikaenda mpaka karibu, nikakohoa. Nikakohoa tena. Hakunijibu. Majirani wanaume wote wameenda kazini.

Saa ya dukani ilikuwa inakaribia saa nne na nusu.

— Nimekuja kuuliza, akasema. Ni nani anaruhusiwa kuingia?

Magige alitutazama. Alitutazama mmoja mmoja, kama tulivyozoea kutazamwa na watu wanaotaka jibu. Pima Maji akaangalia mchoro. Methali akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Mkamwana hapana. Mwana hapana. Sisi ni wadogo kwa mzee yule, rika mbili chini, na mdogo hatazami utupu wa mkubwa wake. Nilitafuta jina la mtu na sikulipata.

— Umesimama hapo tangu saa ngapi? nikamuuliza.

— Tangu mlipokuwa mnaongelea samaki.

Magige alikuwa ameshakimbia. Tukamfuata, Pima Maji na mchoro wake mkononi, Methali, mimi nyuma kabisa nikihema, na Rhobi mbele yangu ameshika kanga. Ni mitaa miwili tu. Nimeitembea miaka ishirini, na siku hiyo haikuisha. Nilikuwa naomba tumkute hai, na wakati huohuo, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba mwingine afike mlangoni kabla yangu.

Uani palikuwa kimya. Kibanda cha mabati kilikuwa kimefungwa, taulo limetundikwa juu. Povu la sabuni lilikuwa limetoka chini ya mlango na kukauka kwenye udongo. Kwenye uwazi uleule wa chini niliona kisigino. Nikageuza uso haraka, na nikaona wenzangu wote wamegeuza nyuso zao. Magige akaushika mlango akausukuma. Haukusogea. Komeo lilikuwa limefungwa, na hata bila komeo, baba yake alikuwa amelala nyuma ya mlango.

— Nani huyo?

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. Alikuwa hai. Magige aliuachia mlango kana kwamba umemuunguza. Akarudi nyuma hatua moja, akatutazama. Na sisi hatukumjibia. Ukijibu, umekiri kwamba uko pale, na kwamba umeona mzee amelala chini uchi. Nani angemwambia hivyo mtu aliyeomba komeo tu?

— Nimeuliza ni nani.

— Ni mimi, baba, Rhobi akasema.

Niliwaza kwamba atamfukuza. Nadhani hata Rhobi aliwaza hivyo, maana aliinamisha kichwa akasubiri.

— Nilikusikia ukikohoa, mzee akasema. Niliona haya kukujibu.

— Najua, baba.

— Uko peke yako?

Rhobi aliinua macho. Alitutazama wanaume wanne tuliosimama kwenye uwanja wake, na kusema kweli mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.

— Niko peke yangu, baba.

— Mlango huu huuwezi. Mguu hausikii.

— Nitabandua bati la nyuma. Nitafumba macho.

— Fumba.

Pima Maji alinyata mpaka kwenye vifaa ambavyo fundi Evance alikuwa ameshavileta, akarudi na nyundo yenye makucha. Aliiweka mkononi mwa Rhobi, akarudi kinyumenyume. Rhobi akazunguka nyuma ya kibanda, akaanza na msumari wa juu. Magige akaenda kusimama kwenye pembe ya pili ya bati, akalishika kwa mikono miwili lisipige kelele. Sisi watatu, tuliokuwa tumeongea tangu asubuhi bila kumeza mate, tukasimama tukitazama ukuta. Nilikuwa na kikohozi kinanichoma kifuani. Nikaziba mdomo kwa kofia.

Msumari wa kwanza ulitoka, wa pili ukatoka. Wa tatu ulikuwa na kutu, ukamsumbua, na Magige hakuthubutu kumpokea nyundo, maana nguvu za mwanaume zingesikika ndani.

— Rhobi, mzee akaita kutoka ndani. Sikuwa nimewahi kusikia akimwita kwa jina. Akaendelea: Magige yuko wapi?

Mke na mume walikuwa wanatazamana, bati katikati yao. Machozi yalikuwa yanamtoka Magige yakiingia kwenye masharubu, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika bati, kwa hiyo hakuyafuta.

— Yuko kijiweni, baba.

— Afadhali, mzee akasema. Asijue.

Msumari wa mwisho ukatoka. Magige alilibeba bati akalilaza kwenye nyasi polepole, lisitoe mlio, kisha akaja kusimama nasi akitazama ukuta. Nyuma yetu Rhobi akafumba macho, akanyoosha mkono mbele, akaingia.